Kikombe cha Ufuta Kina Gramu Ngapi? Kwa Wanaoanza Kazi ya Mikate

Mdogo wangu unayeanza kazi kwenye bekari hapa Arusha, kukanda unga utazoea upesi. Kitakachokusumbua ni mapishi yaliyoandikwa kwa vikombe, ufuta ulionunuliwa soko la Kilombero kwa sado, lile kopo la kupimia, na bosi anayetaka hesabu ya kilo.

Kikombe na sado vinapima nafasi, mizani inapima uzito, na kila mbegu ina uzito wake ndani ya nafasi ileile. Kwa hiyo usitafute namba moja ya kugeuza vikombe vyote kuwa gramu, haipo. Kikombe cha mililita 240 kikijaa maji ni gramu 240. Kikijaa sukari ni kama 200, mchele 185, ufuta 145, unga wa ngano 125 hivi. Mbegu za maboga zilizomenywa hufika 130, ila zikiwa na maganda ni karibu nusu ya hapo, maana zinaacha hewa nyingi katikati.

Vikombe vyenyewe navyo havifanani. Cha mapishi ya Marekani ni mililita 237 hivi, cha Australia 250, na kile cha chai kilichopo kwenye rafu yenu hakuna ajuaye mpaka kipimwe. Kiweke juu ya mizani, rudisha sifuri, jaza maji, soma. Gramu unazoziona ndizo mililita zake. Sado nayo ipime hivyohivyo.

Sado ya lita 4 ikifutwa juu kwa kijiti hubeba ufuta wa kilo 2.4 hivi. Lakini mama wa sokoni hafuti, anapandisha kilima, na kilima cha huyu si cha yule. Kilima nakipenda, nani atakikataa? Ila sikiingizi kwenye hesabu. Mzigo ukifika unapanda mizani kwanza, ndipo unaandikwa daftarini.

Tuseme hoteli imeagiza mikate 30, na mapishi yanataka nusu kikombe cha ufuta kwa mkate mmoja. Hivyo ni vikombe 15. Zidisha kwa 145, unapata gramu 2,175. Sado moja iliyofutwa inatosha na kubakiza kidogo cha kunyunyiza juu. Ukichota vikombe hivyo 15 kwa mkono, mara umeshindilia, mara umejaza nusunusu, mikate haitalingana. Pima mara moja kwa mizani, basi.

Kwenye vijiko ndipo wengi wanapotea. Kijiko cha chai cha binzari nyembamba nzima ni gramu 2 tu, na mizani nyingi za jikoni hapo zinasuasua. Pima vijiko 20 kwa pamoja, kisha gawanya. Angalia pia kama mbegu ni nzima au imesagwa: kijiko cha chakula cha mbegu za kitani nzima ni gramu 10, zilizosagwa ni 7. Kusaga hakujapunguza uzito wowote. Unga wake umejaa hewa. Mapishi yakitaja gramu, hilo halikusumbui. Yakitaja kijiko, soma vizuri: wanataka usage kwanza ndipo upime, au upime ndipo usage?

Wapishi wa lodge hupenda kutuma mapishi yenye aunsi. Aunsi ya uzito ni gramu 28. Ile ya ujazo ni kama mililita 30, nayo ni ya vimiminika. Kwa maji zinakaribiana, na hapo ndipo watu wanapozichanganya. Ukijaza ufuta kwenye mililita 30 unapata gramu 18 tu.

Gramu za kila mbegu ziandike kwenye kifuniko cha kopo lake, pamoja na kikombe ulichotumia. Gunia jipya likifunguliwa, pima kikombe kimoja upya, kwa sababu ufuta wenye unyevu au mchanga hauna uzito sawa na uliokauka na kupepetwa.