Kabla hujafungua setilaiti, kamuulize mama mwenye nyumba maji yalifika wapi

Wadogo zangu wengi wananiuliza waanzie wapi kama wanataka kutumia data huria, yaani data iliyo wazi kwa yeyote kuitumia, kwenye haya mambo ya tabianchi, na jibu langu ni lile lile, anzia mtaani, na uende na futi kamba.

Mimi nilianzia kwenye ramani za mafuriko Dar, kipindi kile Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar, umeanza 2015, wanafunzi tunazunguka Tandale na Manzese simu mkononi, tunaingiza nyumba na mitaro kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuiongezea au kuirekebisha. Kichwani nilijua kazi yote iko kwenye laptopu. Nilishadaunlodi data ya mvua ya CHIRPS, makadirio yanayotokana na setilaiti na vituo vya kupima mvua, ipo bure kuanzia 1981, nikachora na grafu, halafu nikaja kuona kimraba kimoja cha ile data ni kama kilomita 5 kwa 5, yaani Tandale yote inaingia mle ndani na bado nafasi inabaki, sasa utajuaje nyumba ipi inaingia maji na ipi inapona? Picha za setilaiti za Sentinel-2 nazo ni bure, zinaonyesha mpaka mita 10, ila siku ya mvua kubwa ndo siku ya mawingu, unafungua unakuta weupe mtupu.

Ikabidi niulize watu. Na hapo ndo nilipokosea, maana nilikuwa naandika kama nilivyoambiwa, magotini, kiunoni, nyumba hadi nyumba. Mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, kiunoni kwa nani, kwangu au kwa huyu mjukuu wangu?" Akanipeleka uani, alama ya tope bado ipo ukutani, tukapima, sentimita 94. Jirani yake alikuwa ameniambia magotini, kumbe yeye alishainua msingi baada ya yale mafuriko ya Desemba 2011, kwahiyo alikuwa anahesabia kutoka sakafuni kwake. Ramani yangu ingeonyesha yule yuko salama, wakati njia yake ya kutokea inazama sawa na ya mwenzake. Nilirudia nyumba zote za wiki ile.

Kwahiyo mwambie mtu akuonyeshe alama, pima kutoka usawa wa njia, na andika ni mvua ya mwaka gani. Mitaro hivyo hivyo, usiandike upana na kina tu, andika na mchanga umejaa mpaka wapi, maana mtaro wa mita 1 uliojaa takataka nusu unabeba maji ya nusu mita. Fanya hiyo kazi kabla ya Machi, masika isikukute bado unapima na watu hawajapata muda wa kuzibua. Programu ya simu kama ODK, unayojazia fomu za vipimo, inakusanya hata bila bando, ukifika penye intaneti unatuma. Majina na namba za simu za watu usiweke kabisa kwenye data ya wazi, tafadhali sana, mahali na kipimo vinatosha.

Halafu irudishe. Hili ndo linaniuma zaidi, watu wanapimiwa nyumba zao, wanaulizwa maswali nusu saa, na ramani hawaioni tena. Sisi tuliprinti kwenye karatasi kubwa tukapeleka ofisi ya serikali ya mtaa, wazee wakaanza kusahihisha pale pale, kalavati hili lilishavunjika, kichochoro hiki kimejengewa ukuta, na usiku ule ule tukarekebisha kwenye OpenStreetMap ili kila anayeitumia apate iliyo sahihi.

Ile karatasi mwenyekiti aliibandika karibu na mlango. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, wajumbe wanajua waanze kugonga milango ipi, na wa kwanza ni wa yule mama wa sentimita 94.