Haibiskasi kubwa kwa akriliki: kwa nini petali zinatoka bapa

Umeuliza kwa nini picha yako ya ua la haibiskasi, ya sentimita 120 kwa 150, imetoka bapa, kingo ngumu, na rangi inakauka kabla hujailainisha. Ninavyoona, unapaka ua zima kwa mpigo. Kwa ukubwa huo, kikao kimoja ni cha petali moja, na rangi yake yote iwe imechanganywa kabla hujagusa kitambaa.

Kwa petali ya upana wa sentimita 40 hivi, tengeneza rangi tatu: ya mwanga, ya kati na ya kivuli. Vijiko vitatu vya mezani vya kila moja vinatosha, kwenye vikopo vyenye vifuniko. Ukiishiwa katikati hutaipata tena ile ile, kwa sababu akriliki mbichi ina weupe wa gundi yake. Gundi ikikauka weupe unaondoka na rangi inakoza. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa hicho hicho, kikauke, ndipo uamue.

Paka rangi ya kati petali nzima, uiache ikauke. Tabaka la pili ndilo la kulainisha. Nyunyiza maji membamba kama ukungu, leta kivuli kutoka kooni mwa ua na mwanga kutoka ukingoni, vikutane katikati. Kisha pitisha brashi pana, laini na kavu, bila kukandamiza, ukifuata mishipa inavyotoka kooni kwenda ukingoni. Brashi ikianza kunata, acha hapo hapo. Ukilazimisha unang'oa rangi iliyoshika nusu na kubaki na mabaka. Ikishakauka kabisa, rekebisha kwa tabaka jepesi.

Januari na Februari, hewa ya Nairobi ikiwa kavu, muda wa kulainisha ni dakika chache tu. Ritada, yaani dawa ya kuchelewesha rangi kukauka, inasaidia, ila ukizidisha kipimo cha kwenye chupa rangi itabaki ikinata. Usikimbilie maji pia: yakizidi, gundi inakosa nguvu na rangi inafutika kama chaki. Zimua kwa midiamu ya akriliki, yaani gundi yake isiyotiwa rangi. Julai shida ni nyingine: chini ya nyuzi 10 hivi akriliki haijishikanishi vizuri, kwa hivyo kwenye chumba cha mabati ngoja jua lipande.

Kingo ngumu zinatokana na kupaka mandharinyuma mwisho, ukizunguka petali. Anza nayo, uiingize sentimita mbili au tatu ndani ya mchoro, halafu petali ije juu yake.

Nyeusi usiiweke kwenye kivuli cha nyekundu, inaifanya iwe kahawia chafu. Tumia nyekundu ya zambarau yenye tone la kijani kibichi. Nyeupe nayo inaipoza nyekundu ikawa waridi. Sehemu za mwanga zitilie rangi ya machungwa kwanza. Nyekundu na manjano nyingi zinapitisha mwanga, kwa hivyo zikipakwa juu ya mandharinyuma meusi zinazama. Pitisha nyeupe chini ya petali kwanza, na utaona tofauti kubwa.

Haibiskasi nyingi hufunguka siku moja tu, kwa hivyo piga picha. Saa mbili au saa tatu asubuhi ni bora. Saa sita jua letu linashuka wima na vivuli vya petali vinapotea. Gawa picha miraba 8 kwa 10, na kitambaa miraba ya sentimita 15, idadi inalingana. Chora kwa makaa: penseli huonekana chini ya manjano.

Kama unatumia kitambaa cha marekani cha Biashara Street, ifue kwanza itoke wanga. Fremu iwe na mti wa kukingama katikati, la sivyo itapinda. Anza kupiga stapla katikati ya kila upande ukielekea pembeni. Jeso, rangi nyeupe ya kutayarisha kitambaa, ni mipako mitatu, kila mmoja ukikauka upige msasa laini. Usiweke emulsheni ya ukutani badala yake: ile ya bei nafuu ina gundi kidogo, na kitambaa kikikunjwa inapasuka. Rangi ya mafuta usiitumie kabisa chini ya akriliki, itabambuka.

Stameni na zile ncha tano za juu ziwe za mwisho, kwa rangi nzito isiyotiwa maji. Chavua ipige kwa nukta za ncha ya mpini wa brashi. Wakati wa kuisafirisha, usiilaze uso kwa uso na picha nyingine wala kuifunga plastiki ikigusa rangi. Akriliki hulainika kwenye joto, na zikishikana hutazitenganisha bila kuchuna petali.