Seva imetulia, wateja wanalia: maswali yenu ya Nginx

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nasimamia mfumo wa kukatia tiketi za mabasi, mbele nimeweka Nginx, ile programu inayopokea maombi ya wateja na kuyapeleka nyuma, kwenye Ubuntu (Linux) yenye kori 4, nyuma kuna seva mbili za Node zinazoendesha mfumo wenyewe. Siku za kawaida freshi tu, ila Desemba watu wakianza kurudi Moshi kula sikukuu ni balaa, jioni wateja wanapata kosa la 500, mara la 502, na nikicheki sipiyu haijafika hata asilimia 20. Bosi kashaongeza ramu na hali ni ile ile. Tununue seva kubwa zaidi au?
— Msomaji, Ubungo

JIBU: Msinunue kitu kwanza mkuu, hiyo hela itunzeni. Sipiyu imelala halafu wateja wanakula 500, hapo ujue kuna limiti mahali imejaa, fungua /var/log/nginx/error.log usome za jioni ile, nabeti utakuta imeandika "768 worker_connections are not enough", yaani koneksheni 768 za woka mmoja (prosesi ya Nginx inayohudumia maombi) hazitoshi. Hiyo 768 hujaiweka wewe, inakuja na nginx.conf ya Ubuntu na watu wengi hawaigusi kabisa. Sasa piga hesabu, kori 4 zinakupa woka 4, mara 768 unapata 3,072, ila Nginx yako ni proksi, mtu wa kati ya mteja na Node, kwahiyo kila ombi linalosubiri jibu linakula koneksheni mbili, moja ya mteja na moja ya kwenda Node, hapo umeshabaki na kama 1,536 hivi, na brauza moja inayotumia HTTP/1.1 inaweza kufungua hadi 6 kwa mpigo. Unaona mwenyewe, wateja mia tatu tu wakigonga pamoja umeshikwa pabaya, na ramu haina la kusaidia hapo.

Pandisha worker_connections hadi 16384, na hapo hapo weka worker_rlimit_nofile 40000 (limiti ya mafaili ambayo woka anaweza kufungua), maana kila koneksheni Linux inaihesabu kama faili lililofunguliwa, ukipandisha moja ukaacha nyingine 500 zinarudi zikiwa na jina jipya kwenye logi, "Too many open files".

Hizo 502 nazo ni ishu nyingine. Matoleo mengi ya Nginx yaliyoko kwenye seva zetu yanaongea na seva za nyuma kwa HTTP/1.0 usipoyaambia vingine, yaani kila ombi linafungua koneksheni mpya halafu inafungwa. Kila koneksheni inahitaji poti, namba yake ya kutokea, na Linux inatoa poti kuanzia 32768 hadi 60999, jumla 28,232 kwa kila seva ya nyuma, na poti ikifungwa upande wako inakaa TIME_WAIT (hali ya kusubiri) sekunde 60 kabla haijatumika tena, ukigawanya unapata kama koneksheni 470 mpya kwa sekunde basi, zaidi ya hapo logi inaandika "Cannot assign requested address". Na kinachouma zaidi, Nginx inahesabu hilo kama kosa la Node, max_fails (idadi ya makosa kabla seva haijawekwa benchi) kwa kawaida ni 1 na fail_timeout (muda wa benchi) ni sekunde 10, kwahiyo Node nzima nzima isiyo na tatizo inawekwa benchi, ya pili nayo inafuata, unabaki na "no live upstreams", yaani hakuna seva ya nyuma iliyo hai, wakati seva zote mbili zinapumua vizuri tu!

Dawa yake: kwenye upstream (sehemu ya konfigi inayotaja seva za nyuma) weka keepalive 64, yaani koneksheni 64 zibaki wazi zitumike tena (hiyo ni kwa kila woka, siyo jumla), kwenye location (sehemu ya njia husika ya tovuti) weka proxy_http_version 1.1 na proxy_set_header Connection "". Ila angalia, ukiandika proxy_set_header hata moja ndani ya location, zile ulizoandika kwenye server hazirithiwi tena, zirudie zote. Halafu nenda kwenye Node pandisha keepAliveTimeout, muda wa kushikilia koneksheni isiyo na kazi, kwa kawaida ni sekunde 5 wakati Nginx inashikilia koneksheni hadi sekunde 60, Node inakata simu wakati mwenzake ndo anaanza kuongea, unapata 502 za hapa na pale ambazo hata huelewi zimetoka wapi. Iweke 65,000, ile inahesabiwa kwa milisekunde.

Kuna mtu atakushauri uongeze non_idempotent kwenye proxy_next_upstream, ile inayoamua lini ombi lililokwama lijaribiwe kwenye seva nyingine, ili 502 zipungue. Kataa kabisa. Bila hiyo Nginx hairudii POST (ombi la kutuma taarifa, kama malipo) ambayo ilishatumwa, ukiiweka ombi la kulipia siti linaweza kwenda Node zote mbili, na hapo utagombana stendi alfajiri na abiria aliyelipishwa siti moja mara mbili.

SWALI: Assalam aleikum. Kwenye Nginx yangu niliweka limit_req, limiti ya maombi, iwe maombi 5 kwa sekunde kwa kila IP, sasa wateja wa simu wanafungiwa ovyo na malipo mengine hayaingii kabisa. Nifanyeje ndugu yangu?
— Dada wa Nyali, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam dada. Mitandao ya simu inaficha wateja wengi nyuma ya IP moja, kwahiyo wewe unaona mtu mmoja msumbufu kumbe ni mtaa mzima. Aliyeingia kwenye akaunti mhesabu kwa akaunti yake, limiti ya IP ibaki kwenye ukurasa wa kuingilia tu na uiachie burst (maombi ya ziada yanayovumiliwa kwa mpigo) kubwa. Malipo nayo, majibu ya kampuni ya malipo yanatoka kwenye IP chache sana, umeyafungia mwenyewe hayo, yape location yao isiyo na limiti ila ruhusu IP zao tu. Na kama mbele yako kuna CDN (mtandao wa seva za kati zinazopokea wateja kwa niaba yako) weka set_real_ip_from yenye anwani za CDN peke yake, maana X-Forwarded-For, hedari inayobeba IP ya mteja, mtu yeyote anaweza kujiandikia. Halafu limit_req_status iwe 429 ("maombi yamezidi"), ile 503 ya kawaida inakuchanganya na kosa la kweli.

SWALI: Kwa proksi ya mbele, nichukue Nginx au HAProxy?
— Msomaji, Kampala

JIBU: Ukitaka kashe (nakala za majibu zilizohifadhiwa) na mafaili ya picha, Nginx. Ukitaka proksi iwe inazipima seva za nyuma yenyewe hata kabla mteja hajakwama, HAProxy inafanya hivyo bure, kwa Nginx hiyo iko kwenye toleo la kulipia.