Kerneli ya laptopu kuukuu: usianzie kwenye menyu

Ndugu yangu wa Mbale, nimekusoma. Laptopu ya RAM giga 2, unaijengea kerneli yake mwenyewe (kiini cha Linux kinachoendesha vifaa), usiku wa tatu umezama ndani ya menuconfig, menyu ya kuchagua kimoja kimoja cha kuingiza, na sasa unauliza kama hakuna profaili iliyo tayari, mtu achague "laptopu" au "seva" yaishe. Kwa majina hayo haipo. Ila hauko peke yako: Julai 2012 Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, aliwalalamikia wenzake kwamba mtu hana njia ya kujua distro yake (toleo la Linux kama Ubuntu) inahitaji chaguo zipi, akapendekeza kila distro iwe na orodha yake ya vitu vya lazima. Maswali bado ni maelfu.

Zilizopo ni hizi. make defconfig inakupa mipangilio ya kawaida ya aina ya prosesa yako. Mashine huenda ikawaka vizuri tu, halafu waifai usiione. tinyconfig ni ya watundu, kerneli ndogo hadi skrini haikuandikii kitu. Kwako dawa ni localmodconfig. Inachukua mipangilio ya kerneli unayotumia sasa, inaangalia lsmod (amri ya kuorodhesha) kujua moduli zipi, yaani vipande vya kerneli vya kuendesha vifaa, zinafanya kazi, nyingine zote inazitupa. Hapa Busia nina ThinkPad ya zamani. Kwa mipangilio mizima ya Ubuntu ilijenga kerneli ikiunguruma tangu isha hadi alfajiri. Kwa localmodconfig haikuchukua hata muda wa saa moja.

Sasa nikusimulie nilivyojikwaa. Mara ya kwanza niliiendesha modemu ikiwa mezani, haijachomekwa. Kerneli mpya ikawaka haraka, nikajisifu. Kuchomeka modemu, taa yake inapepesa kama kawaida, lakini nikiandika ls /dev/ttyUSB* hakuna kitu. Moduli iitwayo option, inayoendesha modemu za aina ile, ilikuwa imetupwa na zile nyingine. Kutafuta jibu mtandaoni nako kunataka modemu ileile! Kilichoniokoa ni kerneli ya zamani niliyoiacha kwenye GRUB, menyu ya kuchagua kerneli mashine ikiwaka. Usiifute kamwe.

Kwa hiyo kabla ya kugusa amri hiyo, chomeka kila kitu utakachokuja kutumia: modemu, flashi, printa, simu ya kuchangia intaneti. Flashi ifungue kabisa, kwa sababu vfat, moduli ya kusoma mafaili ya flashi, haipakiwi mpaka uisome. Halafu:

lsmod > /tmp/moduli.txt
make LSMOD=/tmp/moduli.txt localmodconfig

Huo mtindo wa LSMOD ndio ninaoutumia kwa laptopu za wateja. Nachukua faili mbili tu kwao, hiyo ya moduli na ile config ya /boot (mipangilio ya kerneli yao) ambayo naiweka kama .config, kisha najenga kwenye mashine yenye nguvu kwa make bindeb-pkg na kuwarudishia pakiti za deb za kusakinisha. Mashine dhaifu haitoki jasho.

Profaili unayoitaka utaitengeneza mwenyewe, tena ni fupi. Yangu naiita busia.config:

CONFIG_USB_SERIAL=m
CONFIG_USB_SERIAL_OPTION=m
CONFIG_USB_STORAGE=m
CONFIG_VFAT_FS=m
CONFIG_USB_PRINTER=m

Naichanganya na ile iliyotoka localmodconfig:

scripts/kconfig/merge_config.sh .config busia.config

Soma inachokuandikia. Ukiona inasema thamani uliyoomba haimo kwenye .config ya mwisho, ujue kuna chaguo la juu yake halijawashwa. Toleo jipya la kerneli likija, sirudii maswali. Natumia make olddefconfig, inayojijibia maswali mapya kwa majibu ya kawaida, na faili yangu ileile.

Lingine dogo, maana litakukuta: ukinakili config ya Ubuntu, ujenzi unaweza kukwama ukitafuta cheti cha pem ambacho huna. Fanya CONFIG_SYSTEM_TRUSTED_KEYS na CONFIG_SYSTEM_REVOCATION_KEYS ziwe tupu. Na DEBUG_INFO, taarifa za kutafutia hitilafu, izime, inameza diski bure.

Ukikwama bandika lsmod yako hapa, modemu ikiwa imechomekwa.