Usiipelekee kamati faili la vyeti

Msimu wa tathmini ya wahadhiri ukikaribia, utawakuta kwenye steshenari za Nyegezi, Mwanza, wamepanga foleni pamoja na wanafunzi wao. Mmoja anatoa kopi ya shahada, mwingine cheti cha semina ya Dodoma, mwingine barua ya kuteuliwa kamati ya michezo. Vyote vinabanwa pamoja, vinawekewa jalada gumu, juu inaandikwa "Potifolio ya Ufundishaji". Nimeshakaa upande wa pili wa meza, kama mjumbe wa kamati ya idara, na naweza kukuambia faili la namna hiyo linasomwaje: linafunuliwa, linafungwa, linawekwa kando. Halijasema lolote kuhusu ufundishaji. Limesema tu kwamba mwenye nalo huwa anahudhuria.

Vyeti na machapisho vina mahali pake kwenye wasifu wako. Potifolio, yaani mkusanyiko wa ushahidi wa ufundishaji wako, inaulizwa jambo jingine: wanafunzi wanajifunza nini kwako, na wewe umejuaje? Utaratibu huu ulianzia Kanada, ambako chama cha wahadhiri wa vyuo vikuu kilitoa mwongozo wake mwaka 1980, kisha ukashika kasi Marekani miaka ya 1990. Sababu yake inaeleweka hata huku kwetu. Ukifanya utafiti, makala inabaki na mtu ataisoma. Ukifundisha vizuri, kipindi kikiisha ubao unafutwa na ushahidi unaondoka nao.

Kwa hiyo usianze na kozi zote ulizowahi kushika. Chukua moja, ile unayoifahamu hadi mahali wanafunzi wanapokwama, uieleze kwa kina. Nyingine zitoshe kwenye jedwali: jina la kozi, mwaka wa masomo, idadi ya wanafunzi.

Mimi nilichagua takwimu ya wanafunzi wa biashara. Tatizo lao lilikuwa lile lile kila mwaka: hesabu wanaweza, maana hawana. Kuna karatasi ya testi niliyoiweka kwenye kiambatisho. Mwanafunzi amekokotoa mchepuko sanifu, kipimo cha namna namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani, hatua kwa hatua, jibu sahihi, amelipigia mistari miwili kwa rula. Chini yake swali linasema "Eleza jibu hili linamwambia nini mfanyabiashara", na hapo pako peupe.

Muhula uliofuata niliacha data za kitabuni nikawatuma soko la Mwaloni, Kirumba, wakaandike bei ya gunia la dagaa wakavu wiki hadi wiki. Bei zilipanda na kushuka, na darasani wakaanza kubishana ni kwa nini. Binti mmoja aliyekulia kisiwani Ukerewe akawaambia wenzake waangalie mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi mingi inapumzika, na mzigo unapungua sokoni. Karatasi ya pili niliyoambatisha ni ya muhula huo. Hesabu ile ile, ila chini yake kuna mistari sita inayoeleza kwamba mtawanyiko wa bei una mzunguko wake, na mnunuzi mwenye ghala anaweza kuupangia.

Karatasi hizo mbili, pamoja na aya chache za kueleza nilibadilisha nini na kwa nini, zilizua maswali mengi kwenye kikao kuliko kurasa nyingine zote. Zinaonyesha wanafunzi walipokuwa na walipofika. Karatasi ya aliyefeli hata baada ya mabadiliko nayo iweke. Kamati ikiona kazi za vipanga peke yake inajua umechagua.

Hapo kwenye kazi za wanafunzi uwe makini. Omba ruhusa yao, halafu ufute jina na namba ya usajili kabla ya kutoa kopi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, alama za mtoto wa watu si za kutembezwa ofisi kwa ofisi.

Fomu za tathmini ya wanafunzi ndizo zinazowanyima watu usingizi. Anayepata wastani mzuri anaubandika ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa. Aliyepata mbaya anaficha. Wote wawili wanazipa uzito zisioustahili. Mwaka 2017 Bob Uttl na wenzake waliunganisha tafiti za awali wakaona kwamba alama wanazopewa wahadhiri hazifuatani na kiasi ambacho wanafunzi wamejifunza. Hilo halimaanishi uzitupe. Soma maoni yaliyoandikwa kwa mkono, tafuta linalojirudia, useme umelifanyia nini. "Anaongea haraka" likitokea mihula mitatu mfululizo, kamati itataka kujua kama umepunguza mwendo. Taja pia ni wangapi waliojaza kati ya wangapi. Wastani wa watu wanane kwenye darasa la mia mbili usiupigie vigelegele.

Kuhusu falsafa ya ufundishaji, iandike mwisho, ukurasa mmoja basi. Ukishaiandika, futa kila sentensi ambayo mhadhiri mwingine yeyote angeweza kuiweka kwenye ya kwake bila kubadilisha neno. "Naamini katika kumshirikisha mwanafunzi" itaondoka. Kitakachobaki, hata kikiwa aya mbili, ni chako.

Mwombe na mwenzako aje akae nyuma darasani kwako, aandike alichokiona. Asiwe rafiki wa kula naye sato kila Ijumaa. Ripoti ya mtahini wa nje, kama ipo na inagusa kozi yako, nayo ni ushahidi mzuri ambao wengi wanausahau kwenye makabati ya idara.

Maelezo yako yasizidi kurasa kumi. Mengine ni viambatisho, na kila kiambatisho kitajwe ndani ya maelezo, la sivyo hakina kazi. Hifadhi nakala kwenye baruapepe, flashi zinapotea. Na kwa walio vyuo vya umma: kujaza PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, hakukuondolei potifolio kama chuo kinaidai.

Swali ambalo nimesikia wengi wakikwama nalo mbele ya kamati ni jepesi: muhula ujao utabadilisha nini? Liandikie jibu mapema, lenye kozi na wiki zake. La kwangu mwaka huu linasema nitapunguza mada ya uwezekano nipate wiki mbili zaidi za data za Mwaloni. Mkuu wa idara bado hajakubali.