Upepo wa Saa Tatu: Kulenga Shabaha ya Mbali Hewa Isipotulia

Mara ya kwanza nilipolala chini na bunduki kulenga shabaha ya yadi 1,000, ambazo ni mita 914, mzee aliyekuwa akinifundisha alizitazama bendera akaniambia, "Kijana, upepo ni wa saa tatu." Mimi niliyekuzwa kwa saa za Kiswahili niliwazia akrabu fupi ikiwa kwenye tisa, yaani upepo unatoka mkono wa kushoto, nikazungusha skrubu ya kilengeo upande huo. Kumbe yeye alikusudia tatu iliyoandikwa kwenye uso wa saa, mkono wa kulia. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukikata njia ya risasi ya milimita 7.62 kutoka ubavuni waweza kuisukuma zaidi ya mita 2 katika umbali huo, na anayerekebisha kinyume huongeza kosa jingine la kiasi hicho hicho, kwa hiyo risasi yangu haikugusa hata fremu ya shabaha. Tangu siku hiyo husema kulia au kushoto, basi.

Sisi wa Nairobi tuna nafuu moja. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na risasi husukumwa kidogo kuliko yanavyosema majedwali ya mwendo wa risasi yaliyopigiwa hesabu kwa nchi zilizo karibu na usawa wa bahari. Nafuu hiyo huliwa na alasiri za Februari na Machi, ardhi inapopata joto na upepo ukawa unakuja kwa mikupuo.

Bendera huonyesha upepo mahali ziliposimama tu, kwa hiyo nakushauri usome pia mazigazi, yale mawimbi ya joto yanayocheza juu ya nyasi. Elekeza darubini kwenye shabaha, kisha rudisha ukali wa picha hadi uone wazi takribani katikati ya uwanja. Mawimbi yakielekea upande mmoja, huko ndiko hewa inakokwenda; yakipanda wima kama maji yanayochemka, ama upepo umekoma ama umelalia mstari wako wa kulenga. Upepo ukishakuwa mkali mazigazi hulala na hayakuambii tena tofauti, na hapo hurudi kwenye bendera na majani.

Wanaoanza huogopa upepo wa ubavuni, lakini mimi huogopa zaidi ule unaotoka mbele huku ukiyumba. Upepo ulioinama nyuzi 30 tu kutoka mstari wa risasi hufanya nusu nzima ya kazi ya upepo wa ubavuni, na ukihamia nyuzi 30 upande wa pili, marekebisho uliyoweka sekunde chache zilizopita yamekuwa sumu.

Kwa sababu hiyo mimi huchagua hali moja inayojirudia mara nyingi, nikaweka kilengeo kwa ajili yake na kuisubiri irudi. Sirekebishi kwa kufuata tundu la risasi iliyopita, maana upepo ulioisukuma huenda umekwisha kupita. Kabla ya kila risasi huandika daftarini makadirio yangu, kwani ukiandika baadaye utajidanganya. Machi iliyopita, katika mpigo wa risasi 10 ambapo kila risasi ilipewa sekunde 45, nilisubiri bendera ya katikati ilegee hadi muda ukaniishia, nikapoteza risasi moja bila kuipiga. Katika tisa zilizobaki, saba ziliingia kwenye kiini.