Maswali ya Wasomaji: Madoa Sugu Kwenye Vyombo vya Enameli

SWALI: Mama mkwe wangu aliniachia sufuria kubwa ya enameli, ya buluu kwa nje na nyeupe kwa ndani, ambayo imepikiwa wali na mchuzi wa samaki kwa miaka mingi. Sasa ndani imeshika umanjano pande zote, kitako kina duara la kahawia pale ukoko ulipoungulia, na ubavuni kuna michirizi ya kijivu inayofanana na mikwaruzo. Nimeisugua kwa stili waya na mchanga. Inatakata siku hiyo, lakini madoa yanarudi upesi kuliko mwanzo. Jirani ananishauri niiloweke usiku kucha kwa jiki iliyochanganywa na ndimu. Je, nifuate ushauri huo?
Msomaji wa Tanga

JIBU: Dada msomaji, tafadhali usiufuate. Jiki ikikutana na ndimu, siki au kitu kingine chochote chenye ukali wa namna hiyo, hutoa gesi ya klorini ambayo huwasha macho na kuchoma koo na mapafu, na jikoni kwenye dirisha dogo inaweza kumdhuru vibaya mtu na watoto walio karibu. Vitu hivyo viwili visikutane kamwe, hata kwa kufuatana, kabla chombo hakijasuuzwa kwa maji mengi.

Sasa tuje kwenye sufuria yenyewe. Weupe unaouona ndani si rangi iliyopakwa kwa brashi, bali ni kioo kilichosagwa kikawa unga, kikamwagiwa juu ya chuma, kisha kikachomwa katika tanuri lenye joto la takribani nyuzi 800 za Selisiasi hadi kikayeyuka na kushikamana na chuma hicho. Kwa hiyo unapoosha sufuria hii unaosha kioo, na sababu ya madoa kurudi upesi ni huo mchanga na hiyo stili waya. Chembe za mchanga wa kawaida ni ngumu kuliko kioo. Kila unaposugua huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, na humo ndimo mafuta na manjano yanamojificha safari inayofuata. Pitisha kidole ndani ya sufuria ikiwa kavu: mahali panapoteleza bado pana afya, na mahali panapokwaruza kidole pamekwisha kulika. Mng'ao uliopotea haurudi kwa dawa yoyote ya nyumbani, nami nisingependa mtu akuuzie chupa kwa ahadi hiyo. Madoa, hata hivyo, mengi yatatoka, ila kila moja lina njia yake.

Duara la kahawia kitakoni ni mafuta na wanga vilivyoungua vikagandamana. Hilo halitaki nguvu, linataka joto na bekingi soda, ile ile ya kuumulia maandazi. Tia maji yapite usawa wa doa, weka vijiko vikubwa viwili vya bekingi soda kwa kila lita moja, chemsha kwa moto mdogo kwa dakika kumi hadi kumi na tano, kisha epua na uache yapoe yenyewe humo humo. Utaona vipande vya kahawia vimeanza kujibandua na kuelea. Visukume kwa mwiko wa mti, umalizie kwa dodoki au kumbi la nazi, ambavyo ni laini kuliko kioo. Doa la miaka mingi litahitaji kurudiwa mara mbili au tatu, na ni afadhali kurudia kuchemsha kuliko kuongeza nguvu ya mkono. Usiharakishe kupoza kwa kumwagia maji baridi, kwa kuwa chuma na kioo havisinyai kwa kiasi kimoja, na hapo ndipo enameli hupasuka nyufa nyembamba kama nywele. Angalizo moja kwa wasomaji wengine: njia hii isitumike kwenye sufuria za alumini, kwani soda huzitia weusi.

Umanjano ni wa bizari ya manjano, nao una tabia yake. Ukiugusa kwa bekingi soda, usishtuke ukiona unageuka kuwa mwekundu wa matofali. Ndivyo rangi ya manjano inavyofanya ikikutana na magadi au soda, wala hujaharibu kitu. Suuza, kisha anika sufuria juani, mdomo ukielekea jua, siku kadhaa mfululizo. Mwanga wa jua huivunja rangi hiyo, na kwa jua la pwani sioni haja ya kutafuta dawa nyingine. Kama baada ya hapo bado unaona kivuli cha rangi, ndipo jiki inapofaa, ikiwa peke yake: kijiko kimoja cha chai katika nusu lita ya maji baridi, iache kwa saa chache tu, umwage, usuuze mara kadhaa, kisha uchemshe maji matupu na kuyamwaga kabla ya kupika tena.

Michirizi ya kijivu, nina karibu hakika kuwa si mikwaruzo. Ni chuma au alumini ya vijiko na upawa iliyobaki juu ya kioo kila ulipokoroga. Changanya bekingi soda na maji kidogo hadi iwe uji mzito, sugua kwa kitambaa taratibu kwa mduara, nayo itafifia. Ndimu na chumvi pia hufaa hapa, kwa sababu chumvi ni laini kuliko kioo, ilimradi usiiache ndimu ikakaa usiku kucha. Ukali wake ukikaa muda mrefu hufifisha mng'ao. Na kuanzia sasa tumia mwiko wa mti.

Likibaki doa baada ya yote haya, na mahali hapo panateleza na hapana harufu, basi sufuria ni safi. Pikia bila wasiwasi.

SWALI: Birika langu la enameli limeshika ukoga mgumu mweupe ndani, na karibu na mdomo kuna doa la kutu ambalo haliishi hata nikilisugua. Tunatumia maji ya kisima.
Msomaji wa Mombasa

JIBU: Ukoga mweupe ni chokaa. Visima vingi vya Mombasa vimechimbwa katika miamba ya matumbawe, na maji yake hubeba chokaa ambayo hubaki birikani kila yanapochemka. Jaza siki nusu na maji nusu, pasha moto bila kuchemsha, acha kwa nusu saa, kisha suuza. Kwa ukoga mnene rudia kesho yake badala ya kulaza siki humo.

Kutu ni jambo jingine. Kioo hakishiki kutu, kwa hiyo ukiiona ujue enameli imebanduka na chuma kimebaki wazi. Siki itaiondoa leo, na kesho itarudi. Iwapo pengo liko nje, kausha birika vizuri kila baada ya kulitumia na uendelee nalo. Iwapo liko ndani, ninakushauri uache kulichemshia chai, kwa kuwa kingo za enameli iliyobanduka huendelea kumeguka, na vipande hivyo ni vya kioo. Ninalisisitiza zaidi jambo hili kwa vyombo vya zamani vyenye rangi nyekundu, ya machungwa au ya njano kwa ndani, ambavyo baadhi yake vilitiwa rangi zenye kadimiamu au risasi: hivyo visiwekewe siki, ukwaju wala ndimu, hata kama bado havijabanduka.